Kompyuta Imekula Kanga ya Mke Wangu, Sasa Mkwe Anataka Kumsomea Khitma

Bi Lulu mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba barua hii uisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana kila ninayejaribu kumweleza naona midomo imeanza kumcheza anataka kucheka, na mimi hapa nilipo sina hali ya kuchekwa, roho iko juu, chakula hakishuki, nikisikia faksi ya ofisini inalia moyo unaruka kama nimeshikwa nikiiba.

Jina langu ni Hafidh, ni mtu wa Unguja, na huu ni mwaka wangu wa nne hapa Guangzhou, Uchina, kazi yangu ni kuwanunulia wafanyabiashara wa nyumbani viatu na nguo kule soko la Zhanxi na kuwafuatilia kontena zao bandarini Huangpu, mke wangu anaitwa Mwanakhamis, tumeoana miaka miwili, alinifuata huku mwaka jana na sasa ana mimba ya miezi saba, yetu ya kwanza. Majina haya ni ya kweli na naomba uyaandike gazetini kama yalivyo, usiyafiche kama unavyowafichia wengine, na sababu utaiona mbele.

Mimi, Bi Lulu, sinywi, sivuti, karata sijui hata kuzichanganya, starehe yangu ni moja tu nayo ni kompyuta, nilinunua moja mwaka jana kwenye soko la kompyuta la Tianhe pamoja na kadi ya kuingizia picha za video, programu yenyewe imeandikwa Kichina kitupu nikawa najifunza kwa kubonyeza na kuangalia kitatokea nini, na baada ya Jumapili nyingi nikafanikiwa kutengeneza mtu. Ni mtu wa kuchorwa na kompyuta, kichwa chake mpira, mikono yake mabomba, lakini anageuka, anainua mkono, anainama kuamkia, na nikishamaliza naweza kumweka ndani ya video yoyote akaonekana amesimama pamoja na watu wa kweli. Kilichonishinda ni miguu, maana goti likipinda sawasawa unyayo unazama sakafuni, ukiunyanyua unyayo goti linakwenda upande, nikahangaika nayo mwezi mzima mwisho nikachoka, nikamvisha kanzu nyeupe ndefu mpaka chini na miguu nikaifuta kabisa, akawa anakwenda kwa kuteleza, na ndiyo maana nikamwita Mteleza. Sekunde kumi za Mteleza kompyuta inazifanyia kazi kutwa nzima na feni yake inavuma mpaka Mwanakhamis huniuliza, "Hafidh, tunapaa leo au tunabaki?"

Idi iliyopita nilimtuma Mteleza kwa mkanda wa video kwa mama mkwe wangu, Bi Safia, anakaa Mwembetanga, huko Unguja, nilimtia sauti yangu mwenyewe nikaifanya nzito akatoa salamu na mkono wa Idi, kisha nikatokea mimi nikacheka nikasema, na maneno yangu nayakumbuka neno kwa neno, "Mama, huyu si mtu, nimemtengeneza mimi, nikitaka naweza kumtengeneza mtu yeyote na akasema nitakacho." Majigambo hayo ndiyo yanayoniua leo.

Mwezi wa nane Bi Safia akaleta barua, aliandikiwa na shemeji yangu Abdulhadi kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, akasema amesikia mwanawe ana mimba na anatapika sana, hana raha, na ombi lake ni moja, "Nionyeshe mwanangu anapolala." Sasa nikuambie ukweli, Bi Lulu, tunapolala hapafai kuonyeshwa, ni chumba kimoja ghorofa ya saba, lifti hakuna, dirisha lipo lakini ukilifungua unagusa ukuta wa jengo la jirani kwa mkono, taa tunaiwasha mchana, na Mwanakhamis tangu mimba imemkamata alikuwa hajashuka zile ngazi miezi miwili, amekonda, mashavu yameingia ndani. Nikasema mama wa watu nikimpelekea picha ile presha itampanda, afadhali nimpe kitu kizuri.

Nikachukua kamera nikaenda bustani ya Liuhua nikapiga ziwa, miti, majani mabichi, pazuri kweli. Mpango ulikuwa Mwanakhamis asimame mbele ya kitambaa cha rangi moja chumbani kwetu, kisha kompyuta iiondoe ile rangi na mahali pake iingie bustani, watu wa sinema ndivyo wanavyofanya, na mimi nilitaka kitambaa cha buluu lakini laoban, mwenye duka la vitambaa, akanipungia mkono, "Mei you, mei you," kwamba hana, akanikatia cha kijani, nikaona rangi ni rangi. Nikamwambia Mwanakhamis avae nguo nzuri. Akaenda kwenye sanduku akatoa kanga.

Lazima nikueleze kanga hiyo. Siku alipopanda ndege Bi Safia alinunua doti moja, mji wake, pale katikati, kijani, pindo jeusi, na maandishi meusi yanasema NENDA SALAMA MWANANGU, akaikata katikati, akaipinda mwenyewe kwa sindano ya mkono kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi alikuwa hana, kipande kimoja akampa mwanawe na kimoja akabaki nacho, na wakaahidiana hivyo vipande vitashonwa pamoja siku watakayoonana. Mwanakhamis akaifunga kifuani mpaka miguuni, akasimama mbele ya kitambaa akasema, "Mama, mimi mzima," akashindwa kuendelea akaanza kulia, nikamwambia rudia, akarudia mara nne, ya tano akatabasamu, nikaichukua hiyo.

Sasa kosa. Kompyuta haijui kanga wala pazia, inajua kijani. Ilipoambiwa iondoe kijani iliondoa kitambaa na ikaondoa na kanga. Na mimi sikuona! Ile picha ya kujaribia kwenye skrini ni ndogo kama kiberiti, pale palipokuwa na kanga ya kijani palionekana miti ya kijani, nikaona mke wangu amevaa kijani na kila kitu kiko sawa. Nikamwingiza na Mteleza apite nyuma yake aamkie, ili mama afurahi. Kompyuta ilifanya kazi siku nne, mchana ilipomaliza palikuwa na mtu wa Unguja anaelekea Baiyun kupanda ndege, nikauchomoa mkanda ukiwa wa moto nikakimbia nao mpaka kwenye teksi yake, sikuutazama hata mara moja kwenye televisheni.

Baada ya wiki mbili ikaja faksi ya Abdulhadi, mistari mitatu. "Hafidh, Mama hali chakula. Mkanda ameuona. Kama dada yangu amekufa sema tumsomee, usituchezee."

Nikakimbilia nyumbani, nashukuru Mwanakhamis alikuwa amelala, nikaweka mkanda wangu wa akiba kwenye televisheni nikakaa chini. Bi Lulu, nikueleze nilichokiona. Mke wangu ni kichwa na mikono miwili. Kati ya kichwa na miguu hakuna mtu, kuna majani ya miti na maji ya ziwa yanacheza, pindo jeusi linaning'inia hewani limezunguka kitu kisichokuwepo, na kwenye kiuno yanaelea maneno NENDA SALAMA MWANANGU. Kisha anatokea mtu mrefu wa kanzu nyeupe asiye na miguu, anateleza, na badala ya kupita nyuma yake anaonekana anapita ndani ya tumbo lake. Na kile kichwa kinatabasamu kinasema, "Mama, mimi mzima."

Wewe ni mtu wa Unguja, huna haja nikueleze mtu wa kanzu nyeupe asiyekanyaga chini ni nani kwa mama zetu.

Nikamfanya Mwanakhamis apige simu kwa jirani yao, sikumwambia kwa nini, nikamwambia tu mama ana homa na anachanganya maneno kidogo. Bi Safia akaitwa akaja kwenye simu, hakusalimia, akauliza, "Umevaa nini?" Na Mwanakhamis wa watu, kwa bahati mbaya au sijui niseme nini, siku hiyo alikuwa amejifunga ileile, akajibu, "Nimevaa kanga yako, Mama, ile ya kijani." Simu ikakatwa. Alipopiga tena jirani akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Bi Safia amesema sauti hiyo ni ya kutengenezwa, Hafidh alisema mwenyewe kwamba anaweza, na yule wa kwenye mkanda kanga hakuwa nayo, yeye ameona kwa macho yake kwamba hakuwa nayo, na asipigiwe tena.

Abdulhadi anasema mama ameweka nadhiri ya kungoja mpaka Rajabu iishe. Ikiisha bila kumwona mwanawe ataita watu wasome khitma ya maiti. Bi Lulu, ubani utafukizwa na watu watakula kwa ajili ya mtu aliyelala hapa pembeni yangu na mtoto anampiga mateke tumboni. Kumpeleka nyumbani siwezi, daktari amepima presha akasema ndege asiiguse mpaka ajifungue. Nikienda mimi peke yangu namwacha na nani, na kwani mimi ndiye nitakayeaminiwa?

Na Mwanakhamis hajui chochote. Hajui mkanda ulivyoharibika, hajui faksi, hajui khitma. Anajua tu kwamba mama yake amemkatia simu. Kila siku ananiuliza, "Hivi Mama nimemkosea nini?" na mimi namjibu homa, homa. Jirani yetu Bernadette, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, juzi alinisimamisha kwenye ngazi akanishika shati, "Papa Hafidh, bibi yako eko analia tangu asubui. Uko unamufanya nini? C'est pas bien, papa, si muzuri." Nikasema ni mimba tu.

Sasa nakuomba mambo mawili. Kwanza, Bi Safia kila Jumamosi anasomewa ukurasa wako, anakuamini kuliko daktari, nakuomba uandike tu mstari mmoja kwamba Mwanakhamis yu hai na mzima, ukisema wewe itakwisha. Pili, niambie kama hii kompyuta niitupe kutoka ghorofa ya saba, maana niko tayari.

Wako mwenye dhiki,
Hafidh, Guangzhou


BI LULU ANAJIBU:

Hafidh, jibu hili nakuletea kwa faksi leo Jumatatu, na gazetini litatoka Jumamosi. Nimekupa siku tano, na ukifika mwisho utajua za nini.

Kwanza pole. Pole kwa sababu nia yako haikuwa mbaya na kosa lenyewe lingeweza kumpata yeyote. Nilimwita Agustino, kijana anayepiga video za harusi hapa mtaani kwetu, nikamsomea barua yako, akasema ndiyo, rangi ikifanana na pazia kompyuta inakwenda nayo, hata yeye aliwahi kumpotezea bwana harusi shati. Akacheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namfikiria mwanamke mmoja Mwembetanga anayetazama maji yakicheza pale ambapo palitakiwa pawe na tumbo la mwanawe.

Pole imekwisha, sasa tuzungumze.

Barua yako yote unaeleza kijani, unaeleza kiberiti, unaeleza siku nne za kompyuta. Mama yako mkwe alikuomba nini? Maneno yake umeyaandika mwenyewe: "Nionyeshe mwanangu anapolala." Hakuomba bustani wala ziwa. Wala hakukuomba umletee huyo bwana wa kanzu. Mzazi anayeuliza mwanangu analala wapi anataka kuona kitanda, mto, dirisha, na uso wa mwanawe kama ulivyo, ukiwa umekonda na uwe umekonda. Wewe ukaona haya kwa ajili ya chumba chako, ukamtoa mwanawe ndani ya chumba hicho kwa mashine. Kanga ilipopotea ulikuwa umeshaanza kumficha wewe mwenyewe.

Na Bi Safia usimfanye mshamba aliyeogopa jini. Soma tena ulichoniandikia. Alitazama ule mkanda akasema mwanangu hayupo hapa, huyu ametengenezwa. Alikosea? Hayupo pale. Ametengenezwa. Mama mwenye macho mabovu aliona kwa mara moja kitu ambacho wewe mwenye kompyuta hukukiona kwa siku nne. Na alipoambiwa kanga ipo, akakumbuka kwamba hakuiona. Mimi naona akili ya mama huyo iko sawasawa, iliyomzidi ni hofu tu, na hofu hiyo uliitia wewe siku ya Idi ulipojigamba kwamba unaweza kumfanya mtu yeyote aseme utakacho.

Basi sasa unanitaka na mimi niseme utakacho. Unataka niandike mstari mmoja kwamba Mwanakhamis yu hai. Hapana, mwanangu. Mimi Mwanakhamis sijamwona. Nina karatasi ya faksi tu, na karatasi ya faksi hata Mteleza angeweza kuiandika. Nikisema kitu nisichokiona, siku Bi Safia akiniuliza "Ulimwona?" nitasema nini? Hatosheki na picha wala sauti, na ana haki. Anataka kitu cha kushika mkononi.

Na sasa mkeo. Hapa nimekasirika, Hafidh, nakuambia wazi. Una mwanamke ana mimba ya miezi saba, ana presha, hajashuka ngazi miezi miwili, analia mpaka jirani anasikia ukutani, anadhani mama yake amemchukia, na wewe unajua kwa nini na umekaa kimya. Unasema unamkinga. Humkingi, unajikinga wewe usione uso wake akijua. Mama wa Kikongo amekushika shati kwenye ngazi, na angekushika na sikio ningemwandikia kumshukuru.

Sikiliza utakavyofanya, na ufanye kwa mpango huu.

Ukishaisoma faksi hii toka ofisini nenda nyumbani. Usipitie Zhanxi, usipitie popote. Mgongee Bernadette umwambie awe karibu. Kisha kaa na Mwanakhamis umwambie yote, kuanzia barua ya mama yake mpaka khitma. Akitaka kuuona mkanda mwonyeshe, lakini mwambie kwanza atakachokiona, usimwache akutane na kichwa chake peke yake. Atakupigia kelele, na umwache apige. Atalia, lakini safari hii atakuwa analia kwa kitu anachokijua, na nakuhakikishia ni tofauti kubwa.

La pili. Huko kuna wanawake wa nyumbani wanaokuja kununua mali na kurudi. Nimeuliza hapa, nimeambiwa yupo Mwanahija wa Malindi ya Unguja, muuza viatu, yuko huko sasa na anarudi mwisho wa wiki ijayo. Najua kwa nini hukumtaja. Unaogopa atakuja kusema Unguja nzima kwamba Hafidh anakaa kwenye shimo ghorofa ya saba. Mwache aseme! Mwite aje alale hapo kwenu siku mbili, kitanda kimoja na mkeo, wewe ulale kwenye chumba cha mwenzako. Amshike tumbo, ampikie uji, amsuke nywele. Bi Safia anahitaji mtu aliyemgusa mwanawe kwa mkono, na mkono wa Mwanahija utafika Mwembetanga.

La tatu ni kanga. Mwanakhamis alale nayo siku hizo mbili. Kisha Mwanahija aichukue kama ilivyo. Usiifue! Nakujua wewe mtu wa kupamba, utataka kuipiga pasi na kuitia kwenye mfuko mzuri wa dukani. Iende na jasho lake, na mafuta yake ya nywele, na doa la uji kama lipo.

La nne, mkanda mwingine. Kamera aishike Mwanakhamis, wewe usiiguse. Aanzie mlangoni, aonyeshe kitanda, aonyeshe jiko, afungue dirisha auguse ule ukuta kwa mkono. Asikatishe, asirudie mara tano, akilia alie. Mkanda huo usiingie kwenye kompyuta yako hata dakika moja, utoke kwenye kamera uingie kwenye mkoba wa Mwanahija.

Na huku ukisubiri, tafuta chumba cha chini. Usiniambie hakuna. Mtu anayeweza kupata nafasi ya kontena Huangpu hawezi kukosa chumba ghorofa ya kwanza. Mkeo anatakiwa aione hiyo bustani ya Liuhua kwa macho yake, akae chini ya hiyo miti, apigwe na upepo. Bustani iko kweli, Hafidh. Ulikwenda peke yako ukamletea picha.

Kompyuta usiitupe, utamwua mpita njia bure. Kompyuta haina kosa lolote, ilifanya ulichoiambia. Ila kitambaa cha kijani mpe Bernadette atengenezee mapazia, na huyo Mteleza, kabla hujamtoa tena mbele za watu, keti Jumapili zako zote zilizobaki umtie miguu.

Ninamaliza na wewe hapa. Jumamosi ikifika mkeo awe ameshajua, maana maneno yanayofuata si yako.

Bi Safia, dada yangu, najua Jumamosi unasomewa ukurasa huu, na anayekusomea naomba asome polepole.

Mimi mwanao sijamwona, na sitakudanganya kwamba nimemwona. Mkweo ameniandikia kwamba yu hai, ana mimba ya miezi saba na mtoto anacheza tumboni. Anasema aliiharibu picha yeye mwenyewe kwa mashine, kwa kuona haya kukuonyesha chumba chao. Mimi naelekea kumwamini, kwa sababu mwongo angejipamba kuliko alivyojipamba huyu. Lakini kuniamini mimi si lazima.

Nakuomba kitu kimoja tu, khitma ingoje Mwanahija wa Malindi arudi. Atakuletea kipande cha kanga. Mashine ya Hafidh inaweza kuchora mtu, inaweza kutengeneza sauti, haiwezi kushona pindo kwa uzi mwekundu kwa mkono wako. Kipokee wewe, usimpe mtu mwingine akifungue. Kinuse. Wewe unaijua harufu ya shingo ya mwanao tangu alipokuwa wa siku moja, na hakuna wa kukufundisha hiyo. Kisha toa chako kabatini, vipange pamoja pale ulipokata mkasi, upapase mshono kwa kidole.

Kama si chenyewe, niandikie, nami nitakuja kukaa nawe kwenye khitma. Kama ni chenyewe, usivitenganishe tena. Vishone viwe kitu kimoja kama mlivyoahidiana, uvifue kwa mkono wako, umpe Mwanahija atakaporudi Guangzhou avichukue. Mjukuu wako anazaliwa karibuni, na huko aliko hakuna kanga ya kumpokelea.